Umeona nini, wapi, saa ngapi? Mwongozo kwa wanaojitolea kurekodi ndege na wanyama wa porini

Makala hii inakuhusu ikiwa unaishi katika makazi ya wakimbizi au katika kijiji jirani, na umejiunga, au unafikiria kujiunga, na watu wanaojitolea kurekodi ndege na wanyama wa porini. Huhitaji shahada. Unahitaji daftari, kalamu, na tabia ya kuandika ulichokiona badala ya kile unachodhani wenzako wangependa kusikia. Simu yenye GPS inasaidia sana, lakini si lazima uwe nayo siku ya kwanza.

Kwa nini rekodi yako ina uzito

Makazi mengi ya wakimbizi katika ukanda wetu yako karibu na wanyama. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, iko kando ya ziwa lenye viboko. Ardhioevu za Mburo na Nakivale ziliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Huko huishi korongo taji, ndege wa taifa wa Uganda, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Mahali ambapo hakuna rekodi, maneno ya mtaani hushika nafasi yake. Mwenyeji atasema ndege walikwisha baada ya wakimbizi kufika. Mkimbizi atasema alipofika hakuwakuta. Wote wawili wanasema kwa nia njema, na wote wawili wanategemea kumbukumbu ya kichwani. Hesabu zilizoandikwa kwa uangalifu, mwaka hadi mwaka, zinaweza kuonyesha kwamba kinamasi fulani kilipoteza korongo baada ya kulimwa. Zinaweza pia kuonyesha kwamba walikuwa wamepungua zamani, kabla ya yeyote kuhamia hapo. Ukianza kurekodi, uwe tayari kupokea jibu lolote kati ya hayo mawili. Mtu anayerekodi ili ashinde ubishi afadhali asirekodi kabisa.

Kuna mfano kutoka mbali kidogo. Baada ya Warohingya wengi kukimbilia Cox's Bazar, Bangladesh, mwaka 2017, kambi ilijikuta imekaa kwenye njia ya tembo, na watu kadhaa waliuawa. Mwaka 2018 IUCN na UNHCR walisaidia kuunda vikosi vya wakimbizi wa kujitolea wanaolinda usiku kwenye minara na kuwarudisha tembo msituni bila kuwadhuru. Kikosi kama hicho hakiwezi kupanga zamu bila kujua tembo huingia upande gani na wakati gani. Kujua huko kunatokana na watu wa kawaida kuandika mambo madogo kwa usahihi.

Saa: kosa letu kubwa sisi tunaozungumza Kiswahili

Tuanze na saa, kwa sababu hapa ndipo rekodi nyingi huharibika bila mtu kugundua.

Sisi huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Simu huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ukisema umeona kiboko akitoka ziwani "saa mbili usiku," unamaanisha 20:00. Mwenzako anayejaza fomu akiandika 2:00, kiboko huyo amehamishwa saa sita mbele, hadi usiku wa manane umepita. Unaweza kuona ni kosa dogo. Lakini viboko hutoka majini giza linapoingia, na wakulima wanaopanga zamu ya kulinda mahindi wakifuata rekodi hiyo watakaa macho wakati kiboko amekwisha kula na kuondoka.

Tatizo huongezeka kambini kwa sababu tumetoka sehemu mbalimbali. Wengine miongoni mwetu walisoma na kufanya kazi kwa Kifaransa na wamezoea kuhesabu kama simu inavyohesabu, hata wanapozungumza Kiswahili. Kwa hiyo "saa kumi" ya mtu mmoja ni 16:00 na ya mwingine ni 10:00. Andika saa kwa tarakimu nne kama zinavyoonekana kwenye simu iliyowekwa mfumo wa saa 24: 06:40, 18:15. Mtu akikuletea habari kwa mdomo, usimuulize saa ngapi tu. Muulize: jua lilikuwa limechomoza? Watoto walikuwa wameenda shule? Kisha andika wewe.

Jambo jingine ni mipaka. Uganda, Kenya na Tanzania zina saa moja. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo wako nyuma kwa saa moja. Ukiwa Kyangwali, karibu na Ziwa Albert, au mahali popote simu inaposhika mtandao wa ng'ambo, saa ya simu inaweza kujirudisha nyuma yenyewe. Zima mpangilio wa saa ya moja kwa moja, au hakikisha kwa kulinganisha na simu ya mwenzako kabla ya kuondoka.

Na tarehe: andika mwezi kwa jina. 03/04 inaweza kusomwa Aprili 3 au Machi 4, kutegemea msomaji alifundishwa wapi.

Mahali: alama ndogo ya kutoa

"Karibu na kisima" si mahali. Kesho kisima kitahamishwa, au msomaji hakijui. Kama huna simu, taja kijiji au zoni, kisha umbali na upande kutoka kitu kisichohama: "mita 300 kusini mwa daraja, upande wa kushoto ukielekea ziwani."

Kama una simu, washa GPS na usubiri. Sekunde za kwanza simu hubahatisha, na duara linaloonyesha kosa huwa kubwa. Subiri lipungue hadi mita 10 hivi. Kisha soma namba mbili, latitudo na longitudo, na uzinakili zote, pamoja na alama ya kutoa iliyo mbele ya latitudo ukiwa kusini mwa ikweta.

Alama hiyo si pambo. Nakivale iko takriban -0.8, 30.9. Ukisahau alama ya kutoa, korongo wako anahamia kilomita zaidi ya 170 kaskazini, upande wa Kagadi. Nyarugusu, huko Kasulu, iko karibu na -4.2, 30.4. Ondoa alama, na mnyama wako amevuka mpaka hadi Sudan Kusini, si mbali na Yei. Walio Kakuma hawana shida hiyo, wako kaskazini mwa ikweta, lakini nao hugeuza namba mbili na kuanza na longitudo. Baada ya kuingiza rekodi, fungua ramani uangalie alama imeangukia wapi. Inachukua nusu dakika.

Usiandike namba ya nyumbani kwako kwa kila kitu kwa sababu tu ulijaza fomu ukiwa nyumbani. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, na mchunguzi huligundua upesi: kiboko, nyani na ndege wa maji 14 wote wamesimama kwenye paa moja la mabati.

Jina: usilazimishe

Katika makazi mamoja ndege mmoja anaweza kuwa na majina manne. Korongo taji ni umusambi kwa Kinyarwanda na Kirundi, ng'aali kwa Kiganda, entuuha kwa Kinyankole. Hilo si tatizo. Tatizo ni pale jina moja linapobeba wanyama wengi. "Korongo" kwa Kiswahili ni korongo taji, ni ndege wa miguu mirefu anayevua samaki, na kwa watu wengi hata yule marabu mwenye upara anayezunguka majalala. "Tai" ni anayewinda na pia, kwa wengi, tumbusi anayekula mizoga, ingawa mwaka 2015 spishi kadhaa za tumbusi wa Afrika zilipandishwa hadi ngazi ya juu kabisa ya hatari. Ukiandika "tai 6" mahali palipokuwa na tumbusi 6, umewaficha ndege wanaotafutwa.

Andika jina kwa lugha unayoijua vizuri, kisha alama ulizoona. Kwa korongo taji: nywele za dhahabu kichwani, shavu jeupe, ngozi nyekundu chini ya koo, na weupe mwingi bawani anaporuka. Makinda bado hawana taji kamili na wana rangi ya kahawia. Wahesabu peke yao, kwa sababu ni makinda wanaoonyesha kama ndege wanazaana hapo au wanapita tu. Baadaye mratibu ataweka jina la kisayansi, Balearica regulorum, ambalo ni lile lile Mbarara na Goma.

"Chui" linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu linaweza kuamsha kijiji kizima na mikuki. Madoa peke yake hayatoshi: mondo ana madoa, kanu ana madoa, fungo ana madoa. Ukikuta nyayo, tazama kucha. Chui hutembea kucha zikiwa ndani, kwa hiyo nyayo zake hazina alama za kucha. Fisi na mbwa huacha alama za kucha. Weka kalamu kando ya unyayo kama kipimo, piga picha ukiwa juu yake moja kwa moja, kisha pima upana. Kama bado huna uhakika, andika "mnyama wa jamii ya paka, aina haijulikani." Rekodi hiyo ni halali na ina faida. Rekodi ya "chui" iliyokisiwa inaweza kumuua mondo asiye na hatia, na mwaka ujao chui wa kweli akija hakuna atakayeamini.

Rangi pia ni taarifa. Nzige wa jangwani walipofika Turkana mwaka 2020, FAO ilikuwa inakusanya taarifa kwa programu ya simu. Aliyeandika "nzige wengi" alisaidia kidogo. Aliyeandika "nzige wa njano" alisaidia zaidi, maana nzige wa rangi ya waridi bado hawajakomaa, na wa njano wamekomaa na wako tayari kutaga. Na aliyetuma picha ya panzi wa kawaida aliwapotezea watu siku.

Idadi, na siku ambayo hukuona kitu

"Wengi" si idadi. Kundi likiwa dogo, hesabu mmoja mmoja. Likiwa kubwa, hesabu kumi kwanza, kumbuka kumi hao wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo. Rudia mara tatu na andika namba ya kati. Andika pia kwamba ni makadirio. Timu mbili zikihesabu ndege walewale kutoka pande mbili za ziwa, msijumlishe: ndege huruka. Kama hamkuhesabu kwa wakati mmoja na hamkugawana eneo, chukueni hesabu kubwa zaidi kati ya hizo mbili.

Sasa jambo ambalo wengi hawalipendi. Ukitembea saa mbili kandokando ya kinamasi na usione korongo hata mmoja, hiyo ni rekodi. Andika ulianza saa ngapi, ulimaliza saa ngapi, mlikuwa wangapi, mlipita wapi, na matokeo: sifuri. Mtu anayeandika siku za bahati tu anatoa picha ya mahali palipojaa korongo, na siku watakapotoweka daftari lake halitaonyesha. Litaonyesha tu kwamba ameacha kuandika.

Kenya Bird Map, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2013, umejengwa juu ya wazo hilo. Nchi imegawanywa katika miraba ya kama kilomita 9 kwa 9. Ili kadi yako ihesabiwe kuwa kamili, unatafuta ndege kwa bidii kwa angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja, ukipita mazingira yote unayoweza kuyafikia, na kuandika kila aina ya ndege unayoitambua, kwa mpangilio ulivyomwona kwanza. Unaweza kuongeza wengine hadi siku ya tano. Hapo huchagui ndege wazuri tu. Shomoro na kunguru wanaingia. Ikiwa ndege fulani yumo kwenye kadi 8 kati ya 10, na miaka michache baadaye yumo kwenye 2 kati ya 10, tunajua kuna jambo, hata kama hakuna aliyehesabu ndege mmoja mmoja. Njia hii inafaa sana kambini kwa sababu mraba huo unaweza kuwa ndani ya eneo unaloruhusiwa kutembea.

Picha, habari za kuambiwa, na ndege wa kizimbani

Picha ni ushahidi mzuri ikiwa ni yako. Picha iliyozunguka WhatsApp imekwisha kupoteza saa na mahali pake, na mara nyingi imetoka nchi nyingine. Usiitume kama rekodi, hata kama aliyekutumia ni mtu unayemheshimu. Habari ya kuambiwa iandike kama habari ya kuambiwa: nani alikuambia unaweka kwenye daftari lako, na kwenye fomu unaandika "ameripoti mkazi." Wanawake wanaotafuta kuni na wachungaji wanajua mengi kuliko sisi tunaotembea na simu. Waulize kwa heshima, omba ruhusa, na usiandike njia wanazopita.

Kwenye programu ya iNaturalist rekodi hufikia ngazi ya kutumika katika utafiti ikiwa ina tarehe, mahali, picha au sauti, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina wamekubaliana juu ya spishi. Pia mnyama lazima awe wa porini. Kasuku wa kijivu ndani ya kizimba sokoni si rekodi ya kasuku wa eneo hilo. Mti uliopandwa na shirika mbele ya kituo cha afya vilevile. Kuna sehemu ya kuonyesha hivyo, itumie.

Programu hizi hufanya kazi bila intaneti. Unahifadhi rekodi kichakani na kuituma ukipata mtandao.

Usilipwe kwa kila mnyama

Ukiombwa kurekodi, uliza: taarifa zitakwenda wapi, nani ataziona, na wewe utapata nakala? Nauli, chakula na muda wa maongezi ni haki kuomba. Lakini kama mtu anakuambia atakulipa kwa kila mnyama unayeripoti, kataa. Nasema hivi nikijua njaa ilivyo na mgao ulivyopunguzwa. Malipo ya namna hiyo hugeuza wanyama kuwa wengi kwenye karatasi, na mtu wa kwanza kulaumiwa uongo ukijulikana ni wewe, si aliyeleta fedha.

Usalama wako na wa mnyama

Kurekodi hakukupi ruhusa ya kwenda popote. Tanzania, kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa. Kenya, sheria za kusafiri kutoka kambini bado zinafuatiliwa. Uganda uhuru wa kutembea ni mkubwa zaidi, lakini hifadhi ya taifa haiingiwi bila kibali. Beba kitambulisho, mjulishe kiongozi wa kijiji au zoni, na msiende chini ya watu wawili. Usipige picha kambi za jeshi, polisi, wala nyuso za watu. Unaweza kutumia jina la utani kwenye programu, na ni busara kufanya hivyo ikiwa kuna mtu anayekutafuta kutoka ulikokimbia, kwa kuwa rekodi zako zikiwa hadharani zinaonyesha unatembea wapi na siku gani.

Wanyama wengine nao wanatafutwa. Biashara ya kimataifa ya kakakuona imepigwa marufuku tangu mwaka 2017, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini. Ukimwona kakakuona, usiweke mahali kamili kwenye kundi la WhatsApp. iNaturalist huficha mahali pa spishi nyingi zilizo hatarini, ikionyesha eneo la kama kilomita 22 kwa 22 tu, lakini haiwezi kuficha ulichokwisha kukituma kwa watu 200. Kiota cha korongo vilevile: makinda huibiwa. Simama mbali, usitumie sauti ya kurekodiwa kumwita ndege kwenye kiota, ondoka ndani ya dakika chache.

Na kumbuka kwamba fomu si simu ya dharura. Kiboko akiwa mlangoni au tembo shambani, kwanza ita watu, mjulishe kiongozi na mamlaka ya wanyamapori ya nchi uliyopo. Utaandika baadaye.

Ukiulizwa, usikasirike

Siku moja mratibu atakurudishia rekodi na swali: una uhakika? Hakutukani. Huenda ndege uliyemwandika hajawahi kuonekana huko, au idadi ni kubwa kuliko kawaida. Fungua daftari, mweleze alama ulizoona. Ukigundua ulikosea, kata kwa mstari mmoja ili maandishi ya kwanza yasomeke, andika sahihisho pembeni na tarehe. Usichane ukurasa. Rekodi iliyosahihishwa waziwazi inaaminika kuliko daftari safi ambalo halina kosa hata moja.

Wengi wetu hatutakaa hapa siku zote. Ukipata safari ya nchi ya tatu, ukirudi nyumbani au ukihamishiwa makazi mengine, acha nakala ya daftari kwa mratibu na kwa mwenzako mmoja, ikiwezekana mwenyeji wa hapo. Kwenye ukurasa wa kwanza andika maana ya vifupisho vyako na jina la kila mahali ulipopita. "KT" kwako ni korongo taji, atakayefuata hatajua.